Wakuu, maji ya bwawa yakifunguliwa ghafla samaki wa chini wanadhurika?

Mwana wa Bondeni
Assalamu alaykum wakuu. Niko Pemba, upande wa Wete. Juu ya bonde letu la mpunga kuna bwawa dogo la umwagiliaji. Anayeshika lango hufungua anavyojisikia: mara maji magotini, mara mfereji mkavu. Miye nimechimba vidimbwi vya samaki pale chini na maji nayatoa mferejini. Huku kupanda na kushuka kuna madhara? Usingizi sipati. Matusi sitaki.

Mla Urojo
Nipo siti ya mbele.

Bi Mkasi
Mwanangu, kaa na huyo wa lango umuongeleshe kwa adabu. Marehemu mume wangu alifuga kuku wa mayai, jirani akawa anapiga spika usiku kucha, kuku wakagoma kutaga. Sikukuu nikampelekea sahani ya biriani. Spika ilizimwa siku ile ile.

Nahodha Mstaafu
Samaki gani? Mwatiko? Perege? Kambare?

Mwana wa Bondeni
Samaki wa kawaida tu, baba. Suala langu ni maji.

Nahodha Mstaafu
Huyo wa kawaida hana jina?

Mwana wa Bondeni
Haya. Trauti, yule samaki wa maji ya baridi. Kuna jamaa analeta vifaranga kutoka Kenya. Najua mtacheka, lakini kanionesha video: Marekani, jangwani Arizona, chini ya bwawa la Glen Canyon, trauti wamejaa tele. Ikiwa jangwani wanaishi, Pemba yenye mvua watashindwa na nini?

Mla Urojo
Mnunulie koti kabla hajashuka boti Mkoani 😂

Fundi Dimbwi
Video si uongo, alichokuficha ni sababu. Ukuta wa Glen Canyon una kimo cha mita 216. Lango lilifungwa 1963, na maji ya mitambo ya umeme yanavutwa kwenye kina kirefu ambako joto la jua halifiki, yanatoka ya baridi. Mto wenyewe zamani ulikuwa wa vuguvugu na tope. Trauti walipandikizwa baada ya bwawa. Samaki wa asili wa mto ule ndio walioumia. Bwawa lenu jua linalipiga mpaka chini. Trauti anataka nyuzi 12 mpaka 16 hivi. Zikikaribia 25 anakufa. Kenya wanakaa mito ya baridi ya milimani, si pwani.

Ulichouliza nacho kina jibu. Kule Glen Canyon umeme ukihitajika sana maji hufunguliwa, mahitaji yakipungua hubanwa. Vifaranga hupenda kingoni penye maji mepesi, basi yakishuka ghafla wanabaki kwenye mawe wakifa. Wadudu wa mtoni hubandika mayai pale pale ukingoni, yakikauka trauti hana chakula. Lakini mafuriko ya kupangwa ya Machi 2008 yalikosha changarawe, na trauti wakaongezeka sana. Kufungua maji si kubaya moja kwa moja, inategemea kiasi na kasi. Umeshalipa?

Mwana wa Bondeni
Nusu. Pesa za karafuu za msimu huu. Na fundi kashamaliza kidimbwi cha kwanza, sasa nimvunjie kazi? Jamaa anasema samaki huzoea.

Ustadhi wa Konde
Karafuu za shamba lako au za urithi?

Mwana wa Bondeni
Shamba nalisimamia miye.

Ustadhi wa Konde
Sijakuuliza nani anasimamia. Mali ya ndugu ni amana, yakhe.

Paka Mapepe
Wakuu mnakunywa chai hii bila ya sukari? Juzi tu huyu aliuliza bei za viwanja Fumba, akasema ana duka Darajani. Leo mkulima wa Wete! Tia picha ya vidimbwi.

Mla Urojo
Mwenye mandazi ayalete.

Bi Mkasi
Kwani mwenye duka haruhusiwi kuwa na bonde? Na huyo jirani wa spika, mwanawe nilimuoza kwetu.

Mwana wa Bondeni
Duka la shemeji. Picha sitii, ndugu zangu wanaingia humu.

Ustadhi wa Konde
Alaa. Basi ni za urithi.

Paka Mapepe
Au vidimbwi havipo.

Fundi Dimbwi
Chai au si chai, kuna mwengine atasoma. Chukua kipimajoto, nenda saa nane mchana, tia majini, uandike namba hapa. Ikishinda 20, zuia nusu ya pili ya pesa na ufuge mwatiko. Joto anastahamili, na maji ya chumvi pia.

Mwana wa Bondeni
Nimepima. 29. Lakini nilipima juu juu.

Nahodha Mstaafu
Zamisha.

Mwana wa Bondeni
28. Nikitia barafu za mabonge asubuhi na jioni? Jamaa kanipigia, vifaranga wako njiani Tanga.