UZI WA HASIRA: Wauza monita mnatuuzia upana, kazi ya grafiki inataka kimo

Wakuu salaam. Leo nimevurugwa, kwa hiyo mtanisamehe nikipayuka.

Mimi ni fundi wa grafiki kwenye karakana ya uchapaji hapa Dar. Kadi za michango, mabango ya mahafali, kalenda, fulana, mihuri, vyote vinapita mezani kwangu. Tulikuwa na monita mbili za zamani, zile za inchi 19 zenye kioo kinachokaribia mraba, pikseli (vidoti vya picha) 1280 kwa upana na 1024 kwa kimo. Fremu zimechubuka, stendi moja imeshikiliwa na gundi, lakini mzigo zilikuwa zinapiga. Bosi akataka tuonekane wa kisasa. Sawa. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: INCHI 24, 1920 KWA 1200, PANELI YA IPS, MTUMBA WA NJE SI NENO. Akaingia nayo Kariakoo.

Amerudi na maboksi mawili ya inchi 18.5, 1366 kwa 768, paneli ya TN, aina ya kioo isiyotuliza rangi kama IPS niliyoandika.

Muuzaji kamwambia karatasi yangu imeandikwa na mtu aliyelala. "Mzee wangu, siku hizi dunia nzima ni waidi, vioo vipana, hizi ndizo za grafiki, tena mpaka gemu unapiga." Akachukua na zile monita zetu za zamani, bosi akaongeza hela juu. Nilipokwenda kudai warudishe, nikaoneshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Na pale pembeni, wakuu, zile monita zetu mbili zimeshafutwa vumbi, ziko kwenye shelfu na kikaratasi kimebandikwa: "Safi kwa ofisi na dizaini." Yaani kwake yeye ni safi kwa dizaini, kwetu zimepitwa na wakati!

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo tunapopigwa wengi. Inchi za monita zinapimwa kona kwa kona, mshazari. Kioo kikivutwa kiwe kipana zaidi kwa mshazari uleule, kimo kinashuka na eneo lote linapungua. Ile inchi 19 ya uwiano wa 5 kwa 4 ina upana wa sentimita 37.7 na kimo cha 30. Hii inchi 18.5 ya 16 kwa 9 ina upana wa 41 na kimo cha 23. Tumeongezewa sentimita tatu za ubavuni, tumenyang'anywa saba za juu. Ukija kwenye pikseli, zamani nilikuwa nazo 1,310,720, sasa ninazo 1,049,088. Zaidi ya laki mbili na nusu zimeyeyuka, na bosi kalipa nyongeza ili ziyeyuke.

Mnajua ukitaka kurudisha zile sentimita 30 za kimo kwenye kioo cha 16 kwa 9 unahitaji inchi ngapi? 24. Nusu ya mafundi mjini hawajui hili, na wauzaji ndiyo kabisa. Mtu anatoka kwenye mraba wa 19 anaingia kwenye pana ya 22 akiamini amepanda daraja, kumbe kimo kimeshuka hadi sentimita 27 na ushee.

Kwa nini nang'ang'ania kimo? Kwa sababu karatasi ya A4 iliyosimama ina sentimita 29.7. Kwenye mraba wa zamani niliweza kuibonyeza ijae kioo nikaiona yote kwa ukubwa wake halisi, nikajua herufi za chini zitasomeka au hazisomeki. Kwenye hili la sentimita 23 naona kichwa na kiwiliwili, miguu naifuata kwa kuteleza chini. Halafu fungua CorelDRAW, programu yetu ya kuchorea, humo. Mstari wa Windows chini, menyu juu, upau wa vifaa, upau wa sifa, rula, rangi za waraka, kwenye zile pikseli 768 za kimo zinabaki kama mia tano hivi za kufanyia kazi. Sasa nani siku hizi anakuletea kazi iliyolala? Status ya WhatsApp ni 1080 kwa 1920, imesimama. Rolapu ya sentimita 85 kwa 200, imesimama. Bango la msiba, kadi ya mchango, kipeperushi cha saluni, vyote vimesimama. Status naitengeneza nikiiona kwa robo ya ukubwa wake, pembeni kushoto na kulia nyika tupu ya kijivu.

Na hapo sijagusa rangi.

Juzi kaja mama mmoja na kadi za kamati ya harusi, rangi aliyotaka ni damu ya mzee na dhahabu. Mimi nimekaa, yeye kasimama nyuma ya kiti changu. Ninachokiona mimi ni damu ya mzee imekolea vizuri. Yeye anasema, "Mwanangu, mbona imepauka hivi, ikoleze." Nikikaa naona giza, nikisimama naona pauko, kioo kilekile, faili lilelile. Ndiyo TN hiyo: ukiiangalia kutoka juu inafifia, ukishuka chini inazama gizani, na hata ukikaa katikati, juu ya kioo na chini ya kioo rangi hazifanani. Nikamweleza, akaona namletea ubishi wa kifundi. Kijana wetu akaikoleza mpaka mama akaridhika. Zimetoka mashineni nyeusi kama za msiba. Mama kagoma kumalizia hela iliyobaki, na sina neno la kumwambia.

Boksi lenyewe nimelisoma lote. Limeandikwa kwa majigambo "rangi milioni 16.2". Kioo cha kweli cha biti 8 (ngazi 256) kwa kila rangi ya msingi kina milioni 16.7. Hiyo 16.2 ndiyo alama ya paneli ya biti 6, yenye rangi 262,144 tu za kwake, zilizobaki inazighushi kwa kuwashawasha pikseli haraka ili jicho lidanganyike. Kwenye mteremko wa rangi kutoka bluu kwenda nyeupe unaona michirizi ambayo kwenye faili haipo. Halafu kontrasti, tofauti ya cheupe na cheusi, imeandikwa 1,000,000 kwa 1, wakati IPS ya kawaida ni kama 1,000 kwa 1 na ndiyo inayokufaa. Wanatuchukulia poa sana hawa.

Kituko cha pili. Kompyuta moja pale ni ya siku nyingi, inatoa picha kwa waya wa VGA, ule wa zamani, na kadi yake ya picha haiitambui 1366 kabisa. Namba hiyo haigawanyiki kwa 8, kadi nyingi za zamani zinaikataa. Basi mwenzangu akaweka 1024 kwa 768, kioo kikaivuta picha mpaka ikajaa. Kila kitu kimetanuka kwa theluthi moja. Kapokea kazi ya muhuri wa duara wa chama cha ushirika, kaona umelala kama yai, naye kwa nia njema akaubana ubavuni taratibu mpaka ukakaa duara kabisa mbele ya macho yake. Akaupeleka kukatwa. Muhuri umerudi yai lililosimama wima. Mwenyekiti wa chama kaugonga kwenye karatasi mara mbili, kautazama, kauweka mezani bila kusema kitu. Tumekata mwingine kwa gharama zetu.

Na nyie wajuaji wa humu mna sehemu yenu. Mtu akiuliza achukue monita gani kwa kazi za grafiki, mnarukia "chukua waidi mkuu, skwea zimeshakufa". Waidi ipi? Ya 16 kwa 10 au ya 16 kwa 9? Kimo cha pikseli ngapi? Paneli gani? Mkibanwa mnaanza habari za hertz 165, yaani picha kubadilika mara 165 kwa sekunde, kama vile bango la mahafali litakimbia.

Sisemi waidi ni mchawi. Anayehariri video vipande vyake vinalala kushoto kwenda kulia, anauhitaji ule upana. Anayepanga kurasa mbili za jarida ubavu kwa ubavu naye anauhitaji. Ila chukua inchi 24 ya 16 kwa 10, upana karibu sentimita 52, kimo 32. A3 iliyolala ni 42 kwa 29.7. Inaingia yote kwa ukubwa halisi, juu na chini unabaki na nafasi ya menyu, ubavuni unabaki na karibu sentimita kumi za kupanga vifaa. Ndiyo maana watu wa uchapaji waliipenda. Apple walipotoa monita za Cinema Display za alumini mwaka 2004, zote tatu, inchi 20, 23 na 30, zilikuwa na uwiano huo. TV za chogo zilituletea 4 kwa 3, zikaja bapa za 5 kwa 4, tukafika 16 kwa 10, pale palikuwa pazuri kabisa. Kisha kuanzia 2008 hivi viwanda vikahamia 16 kwa 9 kwa sababu ndicho kipimo cha TV za HD. Bamba kubwa la kioo likikatwa kwa kipimo kimoja na TV mabaki yanakuwa machache, na kwa inchi zilezile unampa mteja kioo kidogo zaidi. Kiwanda kimeokoa hela, wewe umeambiwa ni usasa.

Cha kuudhi, wenyewe wameanza kurudi. Tableti ya Microsoft, Surface Pro 3 ya 2014, ilikuja na 3 kwa 2. Laptop ya Dell XPS 13 mwaka 2020 ikarudi 16 kwa 10. LG wana monita ya DualUp, 2560 kwa 2880, kimo kinauzidi upana! Huku Kariakoo bado tunaimbiwa waidi, waidi.

Kwa hiyo mwenye hela ya kubahatisha asome hapa. Usiulize inchi kwanza, uliza namba ya pili ya pikseli. 768 kimbia. 1080 kwenye inchi 24 inavumilika, ila kwenye inchi 27 pikseli zinakuwa nene kuliko za ile 19 ya zamani, ya 27 iwe na 1440. IPS, na sRGB, kipimo cha wigo wa rangi, iliyo karibu na asilimia 100. Wakikuandikia NTSC, kipimo kingine cha rangi, asilimia 72 ndiyo inayokaribia sRGB nzima, 45 ni ya kuandikia barua. Stendi iwe ya kugeuka ili kioo kisimame wima ukiwa na kazi ndefu, na hapo usijaribu na TN, kila jicho litaona rangi yake. Hizi zetu hazigeuki, na nyuma hakuna hata mashimo ya kufungia mkono wa ukutani.

NYONGEZA: Naona kuna mkuu kashauri tuachane na monita, tuchukue TV ya inchi 32. Mkuu, TV nyingi za inchi 32 za bei hiyo ni 1366 kwa 768 vilevile! Pikseli zilezile nilizokasirikia, zimekuzwa tu, unaweza kuzihesabu ukiwa umekaa. Na nyingine zinakata kingo za picha, na herufi nyekundu juu ya nyeusi zinatoka na ukungu. Asante, lakini hapana.

Mwenye 1920 kwa 1200 za mtumba, Dell UltraSharp au HP za aina hiyo, nahitaji mbili. Weka hapa picha ya lebo ya nyuma yenye namba ya modeli, picha ya kioo kikiwa cheupe chote tuone madoa, na bei. Hapa hapa, mbele za watu. Atakayeandika "bei njoo inboksi" namripoti kwa modereta.