Makampuni ya Dubai mnaotuleta kwa viza ya matembezi halafu kitambulisho hakitoki, mnatutesa na jua hili

Wakuu salamu zenu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Hivi haya makampuni ya huku yanayotutoa nyumbani kwa viza ya matembezi, unaambiwa njoo tu ukifika tunabadilisha iwe ya kazi chap, yanatuchukuliaje? Unafika unaanza kazi, wiki zinakatika, ukiuliza HR jibu ni inshallah kesho, viza inakaribia kuisha na Emirates ID, yaani kitambulisho cha mkazi wa huku, bado huna. Mtu wa nyumbani akisikia anasema si kakadi tu hako, pasipoti si unayo. Ndugu yangu bila hako kakadi huku huhesabiki.

Anza na benki. Akaunti hufungui. Kwa hiyo mshahara unapewa mkononi kwenye bahasha na bosi anaipenda hiyo sana, maana serikali ya huku ina mfumo wake wa kufuatilia mishahara, WPS, lakini mfumo unaona hela iliyopita benki au kwenye kadi ya mshahara, bahasha hauioni. Akikupunguzia mia tatu utaenda kumwonyesha nani? Kutuma hela nyumbani mimi namwomba mtu wa chumbani anitumie kwa jina lake, mama anaumwa Tanga na mimi hela ninayo mfukoni lakini nasubiri mwenzangu atoke shifti. Laini ya simu nayo ni ile ya wageni, ina muda wake, ukiisha inakatwa, na namba ndiyo hiyo umewapa watu wote.

Nyumba ndo usiseme. Kupanga kwa jina lako mkataba lazima usajiliwe Ejari, mfumo wa serikali wa mikataba ya pango, Ejari wanataka Emirates ID, umeme na maji wanataka Ejari pamoja na dipoziti dirhamu 2,000 kwa flati, sasa wewe unaanzia wapi? Unaishia bedspesi, kitanda tu kwenye chumba cha mtu, unalipa keshi, risiti hakuna, mwenye flati akiamka vibaya mnatoka na mabegi. Mwaka 2025 manispaa ilipoanza msako wa zile patisheni, vyumba vilivyogawanywa kwa mbao, huko Al Rigga, Satwa na Al Barsha, watu walitafuta pa kulala ghafla mwezi wa sita, joto lile, na asiye na mkataba hana hata cha kudai. Sisemi manispaa wamekosea, zile patisheni moto ukiwaka watu wanakufa kweli. Nasema aliyetufikisha kwenye patisheni ni mwajiri aliyekalia karatasi zetu.

Halafu weka na hili jua juu yake. Mimi nimezaliwa Tanga, joto na jasho nalijua, hili la Julai na Agosti si la kwetu. 45 ni kawaida, na siku ambayo bahari imepandisha unyevu unatoka mlangoni miwani inaingia ukungu na shati linalowa kabla hujafika kituoni. Maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto kwa sababu matangi yako juu ya paa yanachemka mchana kutwa. Sisi tunazima hita ya bafuni tunaacha maji yakae humo ndani yapoe, ndo tunaogea hayo, yale ya bomba la baridi tunafulia.

Sasa katika hali hiyo HR anakwambia kwa mdomo laini kabisa, karatasi zako nenda kafuatilie mwenyewe. Kampuni ina PRO, mtu analipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo ya kufuatilia karatasi, ana gari la ofisi lenye AC, lakini wa kutumwa ni wewe na kadi yako ya nauli, Nol. Unapanda metro, unashuka, unaunga basi mpaka Muhaisnah kupima afya, damu na eksrei ya kifua, unafika unaambiwa ombi lako halijalipiwa rudi kwa kampuni. Unarudi. Unakwenda kwenye vile viduka vya taipingi Deira kurekebisha fomu kwa sababu waliandika jina lako kinyume na pasipoti, unafika saa saba na nusu mchana umekuta kimefungwa mpaka saa kumi, maana viduka vingi vidogo vinafunga mchana, na unakaa wapi saa zote hizo? Kwenye ngazi za jengo la watu mpaka mlinzi akufukuze. Ijumaa ofisi za serikali zinafunga saa sita, na Ijumaa ndo siku wanayopenda kukupa ruhusa!

Serikali yenyewe imekataza kazi za juani kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba, saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, na wanakagua. Sasa mwajiri anayemtuma mtu barabarani saa hizo hizo kwa mguu kwa ajili ya karatasi ambayo ni wajibu WAKE yeye, huyo anaogopa nini? Hakuna anayemwuliza.

Na gharama pia wanataka ulipe wewe. Nimeletewa karatasi nisaini kwamba pesa ya viza itakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Sheria ya kazi ya huku, namba 33 ya 2021, inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, na inakataza kushikilia hati zako. Nilipolisema hilo nikaambiwa mbona wenzako wote wamesaini. Na pasipoti waliichukua siku ya kwanza wakasema ni kwa usalama.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanajua hatutasema. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, kwa hiyo ukienda kushtaki unaogopa wewe ndo utaanza kuulizwa, wakati sheria iliyobadilishwa 2024 imeweka faini ya dirhamu 100,000 mpaka milioni moja kwa mwajiri anayekufanyisha kazi hivyo. Viza ikipita siku, faini ni dirhamu 50 kila siku na inahesabiwa kwenye jina lako, siyo la kampuni. Wameshika pasipoti, wameshika muda, halafu wanatuita familia kwenye grupu la WhatsApp.

Nyie mlioko Dar, Mombasa, Nairobi mnaotaka kuja, dalali akikwambia utatangulia na viza ya matembezi mwambie akupe kwanza ofa ya kazi iliyosajiliwa wizara ya kazi ya huku. Bongo ulizia TaESA, wakala wa serikali wa ajira, Kenya angalia orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya kule, kama wakala hayumo usimpe hata mia.

Na mlioko huku mliowahi kupeleka kesi wizara ya kazi mkiwa bado na viza ya matembezi, naombeni mniandikie hapa, mlibeba karatasi gani, pasipoti mliirudishaje, na je mliruhusiwa kuhamia kampuni nyingine bila kutoka nje ya nchi. Mi viza yangu inaisha mwezi huu na hiyo karatasi ya makato sijaisaini na siisaini.