Mapigo ya moyo 46 nikiwa nimekaa: ni mazoezi au niende hospitali?

Mkimbiaji wa Dom

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 36, naishi Dodoma, kazi yangu ni ya ofisini. Tangu mwaka jana nimeshika mbio kwelikweli: siku za kazi nakimbia alfajiri, Jumamosi naenda mpaka kilomita 18. Nikanunua saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Nikiwa nimekaa inasoma 48, mara 46. Usiku nikilala inashuka hadi 40, kuna siku iliandika 38. Nimesoma kwamba mtu mzima anatakiwa awe kati ya 60 na 100 kwa dakika.

Sina kizunguzungu, sijawahi kuzimia, situmii dawa yoyote. Naogopa kulala moyo ukasimama. Mke wangu amefika hatua ya kuniamsha usiku akiona hizo namba.

Labda pia ni ya kurithi, kwa sababu mama yangu (miaka 69, yuko Rombo) mashine yake ya presha nayo inaonyesha mapigo 39 au 41. Yeye ana presha ya siku nyingi. Naombeni ushauri.

Kipute

Mkuu, lala usingizi wako. Moyo uliozoezwa unatanuka kidogo na kupata nguvu, kila pigo moja linasukuma damu nyingi kuliko la mtu asiyefanya mazoezi, kwa hiyo haulazimiki kupiga mara nyingi. Miguel Induráin, yule mwendesha baiskeli Mhispania aliyebeba Tour de France mara 5 mfululizo kuanzia 1991 hadi 1995, iliripotiwa kuwa na mapigo 28 akiwa amepumzika. Mimi nikikaribia marathoni nakuwa kwenye 44 na maisha yanaendelea.

Bi Shamsa

Kabla ya yote hesabu mwenyewe, usiiamini saa peke yake. Kaa kimya dakika 5, usiwe umetoka kunywa kahawa. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, chini kidogo ya mkunjo wa kiganja. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake linakuchanganya. Hesabu dakika nzima, si sekunde 15 kisha uzidishe mara 4, maana kwa dakika nzima ndipo utasikia kama kuna pigo linaloruka.

Nasema hivi kwa sababu kuna mapigo ya ziada yanayokuja mapema, moyo ukiwa haujajaa damu. Pigo la namna hiyo ni dhaifu, halifiki mkononi. Saa na mashine ya presha hazilioni, zinaandika 38 wakati moyo wenyewe umepiga 76. Shangazi yangu alitutisha hivyo nyumba nzima, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikamaliza ubishi.

Sista Koku

Mimi ni muuguzi. Mkimbiaji, hiyo 60 hadi 100 ni mipaka ya jumla. Wataalamu wengi wa moyo siku hizi wanaanza kuuliza maswali mapigo yakishuka chini ya 50, na hata hapo namba peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Tunachotazama ni kama damu inafika kichwani na mwilini inavyotakiwa. Mtu wa mazoezi mwenye 46, anayepanda ngazi bila kuhema, hajawahi kuona giza machoni, hatumtafutii ugonjwa kwa nguvu. Usingizini kushuka hadi 40 ni jambo la kawaida kwa mtu kama wewe. Ila muulize mke wako kama unakoroma na kukata pumzi katikati, hilo ni jambo la kupimwa.

Jipime hivi: hesabu ukiwa umekaa, kisha panda ngazi au tembea haraka dakika chache, uhesabu tena. Mapigo yakipanda vizuri, kama kufika 90 au 100 na zaidi, moyo wako unaitikia. Ukipata nafasi kapige ECG mara moja iwe kwenye kumbukumbu zako. Hakuna haraka.

Lakini nimerudia kusoma ulichoandika na hofu yangu haiko kwako, iko kwa mama. Umri wa miaka 69, ana presha, mapigo 39, na wala hakimbii mbio. Naomba ujibu upesi: anachoka kuliko zamani? Amewahi kuanguka? Anameza dawa gani, majina kamili? Na mashine inasoma namba gani zote tatu, si mapigo tu. Hilo zoezi la kutembea haraka yeye ASIFANYE.

Mtoto wa Mjini

Ya mama hiyo ni presha ya kushuka. Bibi yetu ilikuwa ikimtokea tunampa maji yenye chumvi na soda, anakaa sawa.

Mkimbiaji wa Dom

Nimempigia dada anayekaa naye. Nimeishiwa nguvu kwa niliyoyasikia. Mama alianza kuchoka kabla ya Pasaka. Njia ya kanisani ina kilima, siku zote alikuwa akipanda huku anaongea na wenzake. Sasa anakaa kwenye jiwe mara mbili ndipo afike. Wiki iliyopita alianguka kwenye migomba akiwa anakata majani ya ng'ombe. Walisema ni njaa kwa sababu alikuwa hajanywa chai. Dada anasema alimkuta kalala, hajui yuko wapi, baadaye akazinduka mwenyewe. Dawa zake ni Atenolol miligramu 50 na Amlodipine. Asubuhi hii mashine imesoma 172 kwa 64, mapigo 38.

Sista Koku

Mdogo wangu, mama aende hospitali LEO. Si kesho, si mpaka ufike wewe kutoka Dodoma. Iwe hospitali yenye kipimo cha ECG, siyo zahanati.

Asipandishwe bodaboda. Mtu aliyezimia juzi anaweza kuzimia tena akiwa juu ya pikipiki. Itafutwe gari, akae na mtu wa kumshika. Dada abebe maboksi yote ya dawa, asiseme tu "dawa ya presha". Na aeleze mlangoni maneno haya: alipoteza fahamu, mapigo ni 38. Hapo hawatamweka kwenye foleni.

Mtoto wa Mjini, najua umesema kwa nia njema, lakini chumvi hapana. Mashine inatoa namba tatu: presha ya juu, presha ya chini, na idadi ya mapigo. Presha ya kushuka na mapigo ya taratibu ni vitu viwili. Huyu mama presha yake ni 172, iko juu! Moyo ukipiga mara chache, kila pigo linabeba damu nyingi, ndiyo maana namba ya juu inaruka na ya chini inabaki pale. Chumvi itaipandisha zaidi, na wala haitaongeza pigo hata moja.

Dakta wa Zamu

Naunga mkono kila alichosema Sista. Niongeze kuhusu dawa, maana wengi humu wana wazazi wenye presha.

Atenolol kazi yake mojawapo ni kupunguza kasi ya moyo. Zipo ndugu zake: Propranolol, Bisoprolol, Carvedilol, Metoprolol. Verapamil, Diltiazem na Digoxin nazo zinafanya hivyo. Amlodipine haina kawaida ya kushusha mapigo. Jambo linalosahaulika ni kwamba Atenolol hutolewa mwilini na figo. Umri ukisogea figo zinapunguza kasi, na dozi aliyoizoea mzee kwa miaka inaanza kurundikana bila mtu kubadilisha chochote. Pamoja na hayo, mtu asiache dawa hii ghafla kwa uamuzi wake, presha inaweza kuruka na moyo ukaumia. Kwa mama huyu madaktari ndio wataamua, na wataamua leo hiihii akiwa mikononi mwao.

Uwezekano wa pili ndio unaonisumbua zaidi. Pigo la moyo huanzishwa na umeme unaotoka chumba cha juu kulia, ukapita kituo cha katikati kwenda vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Kwa wazee njia hiyo huchakaa. Ikikatika kabisa, vyumba vya chini vinabaki kujipigia vyenyewe polepole, mara nyingi chini ya 40. Mtu anachoka, anahema, anazimia ghafla bila dalili. ECG inaonyesha hili kwa dakika chache. Pia wampime potasiamu (madini ya kwenye damu), figo na homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana tezi hiyo ikilegea moyo nao unalegea.

Na dada yako ajue: akianguka tena, haitiki wala hapumui, aanze kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta msaada.

Mkulima Mbeya

Kama kuna mtu anapulizia dawa shambani mlifikirie hilo pia. Baadhi ya viuatilifu hushusha mapigo, ila mtu hutokwa jasho na mate mengi, machozi yanamtiririka, mboni za macho zinakuwa ndogo sana.

Mkimbiaji wa Dom

Ndugu zangu, mrejesho. Mama alifikishwa mchana uleule. ECG imeonyesha kuwa umeme wa juu haufiki kabisa chini, daktari ameiita daraja la tatu. Wakasimamisha Atenolol, wakamlaza kwenye mashine inayofuatilia moyo. Mapigo hayakupanda, usiku yalifika 34. Sasa wanasema anahitaji betri ya moyo (pacemaker, kifaa kinachoupa moyo umeme wa kupiga) na amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Anasafirishwa kwa gari la wagonjwa, muuguzi yuko naye. Mimi niko njiani nakwenda kumpokea.

Mama mwenyewe anagoma. Anasema ana miaka 69, apasuliwe moyo wa nini. Nimwambie nini?

Dakta wa Zamu

Mwambie hawafungui kifua. Anachomwa ganzi chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani, wanachana ngozi kidogo, waya zinapitishwa ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, betri inakaa chini ya ngozi. Mara nyingi ni kazi ya saa moja au mbili, mgonjwa yuko macho au kasinzia kidogo. Na miaka 69 si kizuizi, wengi wanaowekewa ni wa umri wake na kuzidi. Bila betri, daraja la tatu la namna hii ni hatari kubwa kwake.

Binti Mzigua

Pole sana kaka. Baba yangu anayo. Alikuwa hamalizi kikombe cha uji bila kupumzika, siku chache baadaye akaanza kugombana na sisi kuhusu mbuzi wake kama zamani. Mwambie mama hivyo.

Wiki za mwanzo mkono wa upande ule asiunyanyue juu ya bega, kwa hiyo kukata majani na kubeba ndoo kichwani mtafute wa kumsaidia. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha au akipata homa, arudi haraka. Simu asiiweke mfuko wa kifuani wala asiifunge kwenye kanga karibu na betri, iwe mbali walau sentimita 15. Asikae karibu na mtu anayechomelea vyuma. Atapewa kadi yenye aina ya betri, atembee nayo, na aionyeshe kabla ya kipimo cha MRI au upasuaji wowote. Betri kwa kawaida hudumu miaka 8 hadi 12, na kila akienda kliniki wanaipima imebaki kiasi gani. Tarehe za kliniki asiziruke hata akijisikia mzima.

Sista Koku

Ukifika Dar muulize daktari wa mama kuhusu ile ECG yako, umweleze na mbio zako. Atakupimia hapohapo.