Baada ya upasuaji wa kukaza shingo: nipumzike Nairobi, Mombasa, au nirudi Malindi mapema?

Bi_Sabaki (Malindi)

Assalam aleikum. Nimepangiwa upasuaji wa kukaza shingo huko Nairobi, na shauri nimeshakata, kwa hivyo naomba tusirudi kwenye nifanye au nisifanye. Nilipungua mwili sana baada ya kuambiwa nina sukari, ngozi ya chini ya kidevu ikabaki inaning'inia. Sindano za kuyeyusha mafuta daktari alisema hazina kazi kwangu, kwa sababu mafuta yenyewe hayapo. Kilichobaki ni ngozi na msuli uliolegea.

Ninachotaka kulinganisha ni mahali pa kupumzikia. Naweza kupanga chumba Nairobi karibu na hospitali kwa wiki mbili. Naweza kulala hospitali usiku mmoja, kisha nikapanda ndege hadi kwa mdogo wangu Mombasa, pale Tudor. Au nirudi moja kwa moja Malindi, ambako nina wanangu, jiko langu na upepo wa bahari. Moyo unavutwa na hiyo ya mwisho, na mfuko pia, maana bima yangu hailipi upasuaji wa urembo. Waliopitia naomba mnishauri.

NesiPwani (Mombasa)

Waaleikum salaam dadangu. Nilifanya kazi wadi ya upasuaji miaka mingi, nakujibu kwa hilo. Malindi iondoe kwa siku za mwanzo. Hospitali zipo, lakini kuna jambo moja linalonitia wasiwasi: damu kuvilia chini ya ngozi. Ikitokea, mara nyingi ni ndani ya saa 24 za kwanza. Shingo inafura ghafla, hasa upande mmoja, inakuwa ngumu, na maumivu yanazidi badala ya kupungua. Shingoni ndiko inakopita njia ya hewa, na damu ikiendelea kujaa inaweza kuibana. Hapo si suala la kupiga simu na kuuliza. Mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji, damu inatolewa, mshipa unaovuja unazibwa. Na anayeijua shingo hiyo kuliko wote ni yule aliyeipasua.

Presha ndiyo inayochochea sana. Kutapika, kukohoa kwa nguvu, kujikaza chooni, kuinama kuokota kiatu, vyote vinaisukuma damu juu. Kama una presha pamoja na hiyo sukari, zote mbili ziwe zimetulia kabla hujapanda kitanda. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi vizuri na vijidudu vinapata nafasi.

Huenda ukawekewa mirija midogo ya kutoa damu na maji nyuma ya masikio. Kwa kawaida hutolewa baada ya siku moja au mbili. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 10. Mpaka zitoke, kaa mahali unapoweza kumfikia daktari wako kwa teksi.

Takaungu_Kwetu (Kilifi)

Mimi ni mwanamume, nilifanyiwa Nairobi na nikabaki huko huko. Sisi tunaambiwa hatari ya kuvuja damu ni kubwa zaidi, kwa sababu ngozi ya ndevu ina mishipa mingi. Namuunga mkono nesi.

Ila chumba usichukue kwa kuangalia bei tu. Chukua cha chini, usipande ngazi na begi, na uwe na mtu wa kulala naye, hasa usiku wa kwanza na wa pili. Uliza kama kuna kiti kinachoegemea nyuma. Mito ya kawaida ukiirundika miwili mitatu inasukuma kichwa mbele na kidevu kinaanguka kifuani. Shingo inakunjika pale pale penye mshono. Unatakiwa mwili uinuke kuanzia kiunoni na kidevu kibaki juu. Nililala kitini karibu wiki mbili, na mgongo ulilalamika kuliko shingo.

Uvimbe ulikuwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu. Halafu wekundu ule wa damu uliteremka hadi kifuani, ukawa zambarau, kisha manjano. Mke wangu alishtuka, daktari akasema ni kawaida, damu inashuka yenyewe. Kwa ndugu zangu wa mirungi: acheni. Inapandisha presha, na taya linatafuna usiku kucha wakati kidevu kinatakiwa kitulie. Sigara ndiyo mbaya kuliko zote. Mimi niliambiwa niache wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa sababu inaibana mishipa midogo na ngozi iliyovutwa inaweza kufa ukingoni, nyuma ya sikio.

Mwana_Langoni (Lamu)

Bi Sabaki, pole kwa mawazo. Mimi nilifanyiwa Mombasa na sikurudi Lamu mpaka nyuzi zilipotoka. Hata hivyo safari ilinichosha. Ndege hadi Manda haikuwa na neno, tabu ilikuwa boti. Ikipiga wimbi kichwa chote kinatikisika. Kaa nyuma karibu na nahodha, umwambie apunguze mwendo.

Nyumbani nakuambia ukweli, joto ndilo mtihani. Ule mkanda wa kubana kidevu unavaliwa mchana na usiku kwa wiki ya kwanza hivi, kisha usiku tu kwa wiki kadhaa, kama daktari atakavyosema. Ukiwa Kaskazi imekaza, jasho linajaa chini yake na ngozi inawasha. Nilinunua mikanda miwili, mmoja unafuliwa mwingine uko shingoni, na chini yake nilitandika kitambaa chembamba cha pamba. Kama tarehe inasogezeka, ipeleke kwenye Kusi.

Nguo nayo: dera linavaliwa kwa kichwa, na shingo yake ni nyembamba. Weka leso na mashati ya vifungo. Mtandio uwe mwepesi, usiufunge chini ya kidevu, na pini usiiweke upande wa mshono.

Na sala, kwa sababu hakuna aliyenieleza mapema. Sijida inateremsha damu yote kichwani. Mgonjwa ana ruhusa ya kusali amekaa kwa ishara, na kwenye udhu anapangusa juu ya bendeji. Muulize imamu wako, atakutuliza.

Ngomeni_Samaki

Shangazi yangu alipofanyiwa upasuaji alipewa asali na kitunguu saumu kila asubuhi, uvimbe ukaisha haraka. Na maumivu yakizidi, brufen mbili tu.

NesiPwani (Mombasa)

Ndugu yangu Ngomeni, najua unamtakia mema, lakini hapa naomba unisikilize. Brufen, aspirini na diklofenaki zinaweza kuongeza kuvuja damu. Kitunguu saumu cha wingi au cha vidonge, mafuta ya samaki na vitamini E pia. Wapasuaji wengi husimamisha hivi takriban wiki mbili kabla, na haviliwi tena mpaka waruhusu. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kichwa chake, amwambie daktari wake wa moyo kwanza. Panadol ndiyo ya kuanzia, na kama umepewa tramadoli ujue inafunga choo, kwa hivyo maji na papai. Asali na sukari ya Bi Sabaki haviendi pamoja.

Barafu iwe ndani ya kitambaa, dakika chache, na tu ikiwa daktari ameruhusu. Ngozi ya chini ya kidevu na ndewe za masikio zitakuwa na ganzi kwa wiki, hata miezi. Inaweza kuungua kwa baridi au kwa moto nawe husikii. Punguza chumvi: ng'onda na achari vingojee. Ukiona mdomo wa chini umeenda upande unapocheka, mwambie daktari. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliosumbuliwa, na hurudi polepole.

Bi_Sabaki (Malindi)

Shukran sana, nimeandika yote. Swali moja: binti yangu ana keloidi, lile kovu linalovimba na kukua kupita kidonda, sikioni tangu alipotobolewa. Mimi sina, lakini mshono wenyewe unapita nyuma ya masikio.

Shela_Upepo (Lamu)

Mwambie mpasuaji kabla ya siku yenyewe, mama, usingoje akuone umelala mezani. Keloidi huenda na damu ya ukoo, na sikio ni mojawapo ya sehemu zinazoipenda. Mimi kovu langu la kushoto lilianza kuinuka na kuwasha. Niliporudi kliniki mapema nikachomwa sindano za steroidi kwenye kovu lenyewe, likalala. Kidonda kikishafunga kabisa, bandika karatasi za silikoni. Na jua la Malindi linatia kovu weusi, kwa hivyo losheni ya kukinga jua na mwavuli, hata ukienda sokoni tu. Hina na rangi ya nywele subiri wiki sita. Bahari pia.

Bi_Sabaki (Malindi)

Basi nimeamua. Nairobi mpaka nyuzi zitoke, mwanangu mkubwa atakuja kukaa nami. Tudor naiacha, labda daktari aniambie ana mwenzake Mombasa wa kunipokea. Halafu ndege hadi Malindi, saa moja tu. Nimempigia, amekubali kusogeza tarehe hadi Julai.

NesiPwani (Mombasa)

Julai ni nzuri. Siku ya kusafiri akuruhusu yeye mwenyewe baada ya kuangalia kidonda, na uwanjani omba kiti cha magurudumu, begi alibebe mwanao. Usiliinue kwenye kabati la juu hata kama ni jepesi. Chukua barua inayoeleza ulichofanyiwa na dawa unazotumia, ili ukihitaji kuonwa Malindi usianze kueleza upya. Na kipimo cha sukari kiwe kwenye mkoba wa mkononi.