Injini ya rota kwenye ndege ya barabarani na majini: mnaunga mkono au mnapinga?

Wakuu, kila wajenzi wa ndege za nyumbani wakigusia chombo kinachoruka, kinachotembea barabarani na kutua majini, hakosekani wa kusema: "Funga rota, mambo yaishe." Anakusudia injini ya Wankel, ambayo ndani yake rota ya pembe tatu huzunguka badala ya pistoni kupanda na kushuka, hasa ile 13B ya gari la Mazda RX-7. Mimi ni fundi wa magari. Rota nimezifungua kwa mikono yangu na nazipenda. Ila kwa chombo hiki, kwa jinsi wengi wanavyotaka kuifunga, napinga.

Wanaoitetea wana hoja, tusiwabeze. Haina pistoni, valvu wala konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Ujazo wake ni cc 1,308 tu, na inazunguka laini. Kubwa zaidi kwa rubani: sili ya ncha (kizibo kwenye kila pembe ya rota kinachozuia gesi kuvuja) ikivunjika, mara nyingi injini hupungua nguvu lakini huendelea kuzunguka. Konrodi ikikatika angani, unatafuta pa kutua papo hapo. Glaida (ndege nyepesi ya kuelea hewani) ya Kijerumani ASH 26 E inajirusha yenyewe kwa injini ndogo ya rota, na sheria ya Marekani kwa ndege za kujijengea haikulazimishi kutumia injini iliyoidhinishwa kwa ndege. Kwa hiyo suala si kama inaweza kuruka.

Suala ni joto. Niliwahi kuletewa moja iliyochemka kwenye foleni, rejeta imejaa uchafu. Nilipoitenganisha, raba zinazozuia maji kati ya hauzingi (vipande vya ganda la injini) zilikuwa zimekauka, zinavunjika vidoleni kama biskuti. Springi za sili za ncha zilikuwa zimelala, hazisukumi tena. Gari halikuwa limekimbia. Lilikuwa limesimama juani, basi.

Sasa fikiria kuruka kutoka majini. Umekanyaga mafuta yote, tumbo la ndege bado linalima maji, na ukinzani unafika kileleni kabla chombo hakijapanda kuteleza juu ya uso. Injini inatoa joto lake lote wakati upepo unaopita kwenye rejeta ni kidogo. Na rota yenyewe ndani hupozwa na oili, kwa hiyo unahitaji vipozeo 2 vikubwa: cha maji na cha oili. Utaviweka wapi? Chini, vinanyeshewa maji ya chumvi. Juu, vinakuongezea ukinzani wa hewa safari nzima. Na barabarani kwenye foleni vyote vinataka feni.

Halafu kuna mizunguko. 13B inataka 6,000 kwa dakika na zaidi ili itoe nguvu yake. Propela ya kawaida ya ndege ndogo haipendi kuzidi 2,700 hivi. Lazima ufunge giaboksi ya kupunguza kasi. Ukitaka injini hiyohiyo isukume magurudumu, ongeza klachi, giaboksi ya pili na shafti. Molt Taylor wa Marekani aliirusha Aerocar yake mwaka 1949, injini moja ikisukuma magurudumu na propela ya mkiani kupitia shafti ndefu, na ilibidi aweke kiunganishi chenye punje za chuma ndani ili kutuliza mtetemo. Huyohuyo baadaye alibuni Coot, ndege ya kutua majini, ambayo mabawa yake yalikunjwa ikavutwa nyuma ya gari. Mtu aliyejua barabara na maji kuliko sisi sote hapa, kwenye Coot alimwachia gari kazi ya barabara. Hilo kwangu lina uzito.

Pendekezo langu: kama lazima iwe rota, iachwe isukume propela peke yake, na magurudumu yapewe mota ndogo ya umeme ya kukutoa ziwani hadi nyumbani polepole. Mtaniambia betri ni nzito. Kweli, lakini wekeni pia klachi, shafti na giaboksi ya pili kwenye mizani, ndipo tulinganishe.

Aliyewahi kufunga rota kwenye ndege ya majini atupe namba: oili ilifika nyuzi ngapi kabla ndege haijaacha maji, siku ya joto, hakuna upepo, na watu 2 ndani? Namba hiyo ikiwa nzuri, nitabadili msimamo.