Foto ya panorama mu oditwari: viti vinakatika, madirisha ni meupe tu

mwana_Kasapa
Jambo bandugu na bayaya. Tunatengeneza foto za panorama za campus ya Kasapa, inje na ndani, kila chumba 360 (foto ya kuzunguka pande zote), ili batoto benye kumaliza sekondari ku Likasi ao Kolwezi baone UNILU (Universite ya Lubumbashi) mbele ya kuja kujiandikisha. Inje inatoka muzuri. Shida ni mu oditwari (chumba kikubwa cha masomo): nasimama katikati, nazunguka na telefone pole pole, kisha kiti cha mbele kinatoka vipande viwili, ubao umejikunja, na ku madirisha miti ya inje haionekane hata moja. Tuko pia na Canon ya zamani ya kuazima na tripode. Ni lensi ingine ndiyo inakosekana? Feza hakuna, musinitume Dubai 😅

fundi_picha_Bkv
Mdogo wangu acha lensi kwanza. Viti vinakatika ju unazunguka wewe mwenyewe, telefone umeinyoosha mbele ya kifua, basi lensi inatembea kabisa, kiti cha karibu kinahama mbele ya ukuta wa mbali na programu haijui ikiweke wapi. Inje hauoni hiyo shida sababu kila kitu kiko mbali. Lensi ndiyo ibaki palepale. Funga uzi chini ya lensi, uning'inize nati nzito kama timazi ya masoni, chora alama ya choki sakafuni, kila foto nati iwe juu ya alama. Kamera iwe wima, na kila foto irudie theluthi moja ya ile ya nyuma yake. Ukiwa na tripode, simamisha kalamu karibu, uilinganishe na nguzo ya dirisha la mbali, geuza kushoto na kulia: kalamu ikihama sogeza kamera mbele ao nyuma juu ya tripode mpaka itulie.

vieux_Katuba
Kweli kabisa. Ubao kujikunja ni mambo ingine, telefone inatandaza duara ku karatasi sawa silinda, mistari ya kulala yenye kuwa juu ao chini ya usawa wa lensi inapinda. Pakua Hugin, programu ya kompyuta ya kuunganisha foto, ni ya bure, inatumika bila intaneti, mule unachagua projeksio, ni kusema namna ya kutandaza foto. Rektilinea inanyoosha yote lakini ukipita digri 120 hivi pembeni kunavutika, profesa wa kando anapata tumbo ya bure. Kwa oditwari mimi napenda projeksio ya Panini, haivute sana pembeni.
Madirisha: toa otomatiki! Fokasi, mwangaza, rangi, vyote ufunge, la sivyo maungio yote yataonekana. Kisha kila upande piga tatu za mwangaza mbalimbali, zilezile tatu kila mara, moja ya kuonyesha viti, moja ya katikati, moja ya dirisha, na Enfuse (inakuja pamoja na Hugin) inaziunganisha. Uzime na neon, rangi yake na ya jua havipatane.

yaya_wa_Kenya
Munamuchokesha mutoto bure. 360 ya kila chumba ya nini? Foto nzito, mutoto wa Kolwezi na mega zake kidogo hataifungua hata. Oditwari moja na biblioteki inatosha.
Na hiyo inje munayosifu, muangalie jua! Huku kwetu Lubumbashi mwezi wa sita jua linapita kaskazini, jengo lenye kutazama kusini linabaki kivuli siku nzima. Hilo mulipige mwezi wa kumi na mbili, saa sita jua liko kusini, na mvua imeshusha vumbi. Muende siku ya Mungu, ju batu bakipita katikati ya foto mbili banatoka bila kichwa. Na karatasi ya ruhusa mu mufuko, mulinzi ataiomba tu.

mwana_Kasapa
Asanteni bakubwa. Uzi nimeujaribu mu chumba, kweli kiti kimetoka kizima. Sasa kwa ile oditwari moja ya 360, dari na sakafu nafanya je? Miguu ya tripode itaonekana.

fundi_picha_Bkv
Dari ni foto moja kamera ikitazama juu. Sakafu piga mwishoni: ondoa tripode, shika kamera kwa mkono, lensi juu ya alama ileile, hiyo ndiyo itafunika miguu mu Hugin. Ukitoa faili, upana uwe mara mbili ya kimo, mfano pikseli 8000 kwa 4000. Ile ya intaneti punguza mpaka 4000 kwa 2000, yaya hapo juu amesema haki juu ya mega.