MJADALA: Wanawake wa vyuo vikuu tumeshafundwa vya kutosha. Wanaoteua watafundwa lini?

Mwali wa Semina (mleta mada)

Wadau, sizunguki mbuyu. Nimepokea barua ya nne. Nimeteuliwa tena kuhudhuria mafunzo ya kuwajengea wanawake uwezo wa uongozi katika elimu ya juu. Ya kwanza nilikwenda nikiwa mhadhiri msaidizi, ya pili nikiwa mhadhiri, ya tatu tukafanyia kwenye Zoom wakati wa korona. Leo bado ni mhadhiri. Ningekuwa mwali kweli, ngoma ingekuwa imelia mara tatu na posa haijaja.

Nieleze ile ya kwanza, maana ndiyo naikumbuka vizuri. Hoteli moja Morogoro, siku tano. Mwezeshaji alitusimamisha mbele ya projekta, kila mmoja aseme kwa sauti: "Mimi ni kiongozi." Aliyesema kwa sauti ndogo alirudishwa kusema upya. Kulikuwa na mwenzetu ametoka likizo ya uzazi wiki tatu tu zilizopita. Kila ikifika chai ya saa nne anakimbilia chooni kukamua maziwa, kwa sababu ukumbi haukuwa na chumba kingine. Anarudi blauzi imelowa, anafunika na faili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hilo halikuwemo kwenye ratiba. Tulichofundishwa mchana ule ni "mwonekano wa kiongozi": viatu, mkao, namna ya kupeana mkono.

Jumatatu narudi idarani, cheti kimo kwenye bahasha ya kaki. Kikao kinaanza, wanaume saba, wanawake wawili. Mkuu wa idara anaangaza meza nzima, macho yanatua kwangu: "Dada, utatuandikia muhtasari?"

Sasa hoja. Kwa kawaida huwi rasi wa ndaki, yaani mkuu wa koleji ndani ya chuo, sembuse Makamu Mkuu wa Chuo, bila uprofesa. Uprofesa unapatikana kwa machapisho. Kamati ya mahafali haina pointi za kupandishwa cheo, wala kamati ya ustawi, wala kumsindikiza mwanafunzi aliyezidiwa zahanati saa tano usiku. Na kazi hizo mnajua hupewa nani. Kwa hiyo tunakwama kwenye ngazi ya mhadhiri, halafu kila mwaka tunaitwa hotelini kuambiwa tatizo letu ni kutojiamini.

Tazameni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mimi siko, naangalia tu kama raia. Tangu kilipokuwa chuo kikuu kamili 1970 kimeongozwa na Msekwa, Kaduma, Kuhanga, Mmari, Luhanga, Mukandala, na Anangisye aliyeanza 2017. Wanaume watupu. Na msiniambie wanawake hawakuwepo. Penina Mlama alikuwa Afisa Mkuu Taaluma hapo hapo, kisha akaenda kuongoza FAWE, lile jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika lililoanzishwa 1992. Esther Mwaikambo aliongoza Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki. Watu walikuwepo.

Pendekezo langu: hela ya hoteli itumike kumpa kila mama anayerudi kutoka uzazi muhula mmoja wa kuandika bila vipindi. Na semina yenyewe wapelekwe wajumbe wa kamati za kutafuta viongozi, wao ndio wasimamishwe mbele ya projekta. Nipingeni.

Chaki Nyeupe

Dada, pole na posa. Nakupinga kidogo. Kwetu nafasi ya ukuu wa idara ilitangazwa mwaka jana, fomu ikakaa mezani wiki mbili. Wanawake watatu wana sifa, hakuna aliyejaza. Nikajaza mimi, na sisi wanaume hatuna semina, sasa naitwa mfumo dume. Halafu hizo semina wanakwenda wale wale watano walio karibu na ofisi kubwa. Mwanamke wa kampasi ya mkoani anaisikia ikishakwisha, anaona picha kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mwali wa Semina

La wale wale watano nakubali, na mimi ni mmojawapo, nisijifanye. Ila hao watatu uliwauliza kwa nini hawakujaza?

Chaki Nyeupe

Mmoja nilimuuliza. Akasema posho ya madaraka haitoshi bajaji ya kumrudisha nyumbani saa mbili usiku kila siku ya kikao. Mwingine mume yuko Mwanza, analea peke yake. Wa tatu sikumuuliza, naona aibu kusema.

Bibi Kasma

Wanangu, hamjambo. Mimi nimestaafu, nina muda, kwa hiyo nitaandika mrefu.

Huyu mleta mada ana haki ya kukasirika lakini anamwaga mtoto na maji. Semina yako ilikuwa mbovu. Yangu haikuwa mbovu. Tulikuwa wanawake kumi na wanane, na siku ya pili asubuhi mama mmoja, mhasibu wa zamani wa wizara, alitugawia bajeti ya chuo, nakala iliyofifia, kurasa zimebanwa kwa pini. Akasema hatutazungumza lolote kuhusu mwanamke mpaka jioni. Tusome. Kasma hii, yaani fungu hili la bajeti, ni ya nini? Kwa nini fedha za safari zimeongezeka na za maabara zimebaki pale pale? Nani anaruhusiwa kuhamisha fungu kutoka hapa kwenda pale, na kwa saini ya nani? Mimi nilikuwa na shahada tatu na sikuwahi kushika waraka ule mkononi. Nilidhani ni siri.

Wenzangu wanaume walikuwa wanaujua. Walijifunzia wapi? Kwenye kiti kirefu, nyama choma, Ijumaa jioni, mkuu wa fedha amekaa pembeni. Chaki Nyeupe, uliposema wanaume hawana semina nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Mnayo kila wiki, haina barua ya mwaliko wala cheti. Mimi saa hizo nilikuwa nakagua madaftari ya wanangu.

Miaka miwili baadaye nikaingia kamati ya mipango. Siku moja jengo letu lilitaka kufutwa kwenye orodha ya ukarabati, nikasema kwa namba ya kasma kwamba fedha yake ipo na haijaguswa. Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti akamwangalia mhasibu, mhasibu akaangalia chini. Sikuhitaji kuinua sauti wala kuvaa viatu vya mwonekano.

Serikali imekopa Benki ya Dunia dola milioni 425 za mradi wa HEET, ulioidhinishwa 2021, fedha za vyuo vikuu hizo. Waliokaa mezani kuamua maabara ijengwe wapi na nani apelekwe kusoma ni wanaojua kusoma mpango wa manunuzi. Mkiwaondolea mabinti chumba pekee wanachoweza kufundishwa hayo bila kuonekana wajinga, mtawaacha na nini? Hilo la muhula wa kuandika, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini utaandika, utakuwa profesa, utakaa kwenye kiti, na makaratasi yatakuja. Nani atakufundisha siku hiyo?

Mwali wa Semina

Shikamoo Profesa. Umenipiga pabaya. Mimi sijawahi kuiona bajeti ya chuo changu. Semina tatu, hakuna aliyeitaja.

Bibi Kasma

Marahaba. Basi umejua cha kudai.

Dada wa Masjala

Samahanini wasomi. Mnaongea kana kwamba chuo ni wahadhiri tu. Mimi nina miaka kumi na tisa masjala. Naijua kila barua iliyoingia na iliyokaliwa. Wanawake wa maktaba, wa hosteli, wa mitihani, makatibu muhtasi, sisi ndio wengi na sisi ndio tunaendesha ofisi bosi akiwa safarini. Barua za semina nazipiga mhuri mimi. Haijawahi kuja yenye jina la mtu wa kada yangu hata siku moja. Uongozi ni wa wenye PhD peke yao?

Mtanzania wa Leeds

Dada wa Masjala una hoja nzito. Huku Uingereza kuna programu inaitwa Aurora, ilianza 2013 chini ya Leadership Foundation for Higher Education, siku hizi iko Advance HE. Inachukua wanataaluma na watumishi wa utawala, meza moja. Mimi ni mkutubi na nimepita. Kila mshiriki anapewa mlezi kutoka chuo chake mwenyewe, na hilo ndilo lililonisaidia kuliko mihadhara. Mlezi wangu alinipeleka kwenye vikao viwili nikakaa nyuma nikitazama tu mambo yanavyopikwa.

Ila msidhani huku wamemaliza. Malalamiko ya mleta mada yapo hapa neno kwa neno: kwamba programu hizi zinamrekebisha mwanamke badala ya kurekebisha chuo. Nilirudi na nguvu zote, nikakuta mkuu wangu mpya hajui hata nilikuwa wapi.

Omwalimu wa Kampala

Kiswahili changu mnivumilie. Makerere, kaulimbiu ilikuwa "Tuwe wanaume" mpaka wanawake walipopokelewa 1945, ndipo ikageuzwa kuwa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Tangu 1990 wasichana wanaongezewa pointi moja na nusu wakiomba kuingia. Madarasa yamejaa wasichana, ni kweli. Lakini juu kabisa, mpaka Nawangwe aliyeingia 2017, ni wanaume. Mwanamke wa kwanza kwetu kuongoza chuo kikuu cha umma, Mary Okwakol, alipewa Busitema, chuo kipya cha 2007. Nyumba ambayo bado haina wenyewe ndiyo tunapewa.

Nyaboke

Nimesoma yote. Kwetu Kenya mambo haya tumeyapigia kelele kitambo. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu 1971, wa kwanza ukanda huu, na 1976 akaongoza idara ya anatomia ya mifugo pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Mnajua vita vyake vya kwanza chuoni vilikuwa vya nini? Nyumba. Mhadhiri mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kwamba mumewe atamtafutia, kwa hivyo marupurupu kamili hayamhusu. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wakakataa, wakadai sawa na wanaume. Halafu 1982 akajiuzulu agombee ubunge, akazuiwa kugombea, akarudi chuoni kuomba kazi yake, akaambiwa imeshachukuliwa. Kisha akatolewa hata kwenye nyumba ya chuo. Huyo alikosa kujiamini?

Sasa mleta mada, hapa ndipo tunaachana. Unataka kamati zipelekwe semina. Dadangu, kamati haibadiliki kwa kufunzwa, inabadilika ikijua inaweza kupelekwa kortini. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 27(8), inasema si zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuteuliwa wawe wa jinsia moja. Inakiukwa, naam, Bunge lenyewe linaikiuka. Lakini kuna mahali pa kushika. Naibu chansela, nyinyi mnamwita Makamu Mkuu wa Chuo, kwetu kazi inatangazwa gazetini, na majina ya walioitwa kwa mahojiano yanachapishwa. Ukiona orodha ya wanaume watupu unauliza kwa sauti. Olive Mugenda aliongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta 2006 hadi 2016, mwanamke wa kwanza katika chuo kikuu cha umma, na baada yake wamefuata wengine kwingineko. Huko kwenu, kamati ikikaa, nani anajua nani aliomba?

Na nikuchokoze: kwetu mwanamke akishapita mlango wa jinsia anakutana na mlango wa kabila. Hilo hakuna semina yake.

Chaki Nyeupe

Nyaboke, hilo la kuchapisha orodha nalitaka kesho asubuhi, hata kwa faida yangu mimi mwanaume nisiye na mjomba.

Mwali wa Semina

Haya. Nimewasoma mara mbili. Nyaboke amenipindua kwenye kamati, naondoa neno langu la projekta, ingawa ningependa sana kuwaona wamesimama pale. Bibi Kasma amenipindua nusu. Siendelei kusema semina zifutwe. Nasema hii ya nne siendi kusimama ukutani.

Jana nimeandika barua kuwajibu waandaaji kupitia ofisi ya chuo. Nimeomba vitu vinne. Siku moja nzima iwe ya kusoma bajeti ya chuo chetu, bajeti yenyewe, siyo mfano wa chuo cha kubuni. Pawe na chumba chenye mlango unaofungika na friji kwa wanaonyonyesha. Nusu ya nafasi ziende kwa watumishi wasio wahadhiri na kampasi za mikoani, ikiwemo nafasi yangu, mimi nibaki nyumbani kama ni lazima. Na orodha ya waombaji wa kila nafasi ya uongozi ibandikwe ubao wa matangazo. Najua la mwisho si la waandaaji, nimeliweka wakubwa walisome wakati barua inapita.

Bibi Kasma

Umeweka nakala kwa mkuu wa fedha? Bila yeye bajeti haitoki.

Mwali wa Semina

Sikuweka. Naweka leo.

Chaki Nyeupe

Umejibiwa?

Mwali wa Semina

Bado. Ila ipo, nina nakala yenye mhuri wa masjala.

Dada wa Masjala

Mhuri upo kila mahali dada. Muulize mwenye masjala yenu imepelekwa meza gani, na kwenye daftari aliyepokea amesaini saa ngapi.